Pangaboi la Khalpar

Niliwaambia wote kwa lugha wanayoielewa: atakayegusa chuma changu leo, namkata mkono. Nilisimama mbele ya roboti na pangaboi la pampu ya maji tulilokuwa tukilijenga, mikono kiunoni, nikawakazia macho mmoja mmoja, wake wa mafundi na sinia zao za maua, watoto na nguo zao mpya, hata mke wa bosi mwenyewe. Ilikuwa siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo Howrah nzima, mji wetu wa mafundi, haisikiki nyundo. Kila kifaa kinalazwa, kinavishwa maua, kinapakwa sinduri, ule unga mwekundu wa heri, na hakuna anayethubutu kukitumia mpaka kesho yake. Ndiyo siku pekee familia zetu zinaruhusiwa kuingia karakana, na zinaingia kweli kweli.

"Minoti, mwanangu, hata tone moja?" mke wa bosi alinibembeleza, kidole chake tayari kimelowa wekundu. "Kazi kubwa namna hii ikose baraka?"

"Mkono wa roboti huo hapo, mama. Upake mpaka sinduri iishe. Pangaboi, hapana."

"Jamani, huyu msichana ana mdomo!"

"Ndiyo maana anazeekea kwao," mtu akadakia kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Na wewe uliyeolewa umeongeza nini, zaidi ya sufuria za kusugua?" nilimjibu bila hata kugeuka. Wakacheka zaidi.

Lakini mimi sikuwa natania. Kazi yetu si ya kushikwashikwa. Sisi hatumimini chuma kwenye kalibu kama wazee wetu, sisi tunakijenga. Mkono wa roboti unashika bomba la kuchomelea, waya unaingia, unayeyuka, unalala mstari mmoja. Juu yake unalala mwingine, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayesuka kikapu kuanzia kitako. Tabaka likilala juu ya uchafu, juu ya mafuta hata ya kidole, chuma kinatoa povu ndani kwa ndani, na povu lile linabaki kuwa tundu. Tabaka linalofuata linalifunika. Kwa nje utaona kitu kizuri cha kung'aa, kumbe ndani kimeoza.

Na pangaboi lile halikuwa la mtu mwingine. Lilikuwa la pampu ya Khalpar, mtaa wetu. Khalpar iko chini, kama mtu aliyekaa kwenye bakuli, na mvua ikinyesha maji yote ya majirani yanakuja kwetu. Pampu ndiyo inayoyainua na kuyatupa mtoni. Mwaka jana, katikati ya mvua, pangaboi la zamani lilikatika bawa moja alfajiri. Kufikia saa ya chai maji yalikuwa kiunoni. Baba yangu, Haradhan Karmakar, alitoka kwenda kumtafutia jirani mtoto wake. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umesombwa na maji na yeye hakuuona. Alipatikana baadaye, kwenye nondo za mdomo wa mfereji.

Baba alikuwa fundi wa kalibu. Maisha yake yote alipiga mchanga na kumimina chuma, na kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa kabla hajafa. Kwa hiyo pampu ilipokufa hapakuwa na mtu wa kumimina pangaboi jipya. Kielelezo cha mbao cha kupigia kalibu ya lile la zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa zamani. Kwa mwaka mzima Khalpar iliishi kwa vipampu vya kukodi vinavyokohoa kohoa. Ndipo kazi ikaletwa kwetu, kwa bwana Mallick, bosi wangu, mwenye roboti. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Pangaboi la zamani likaletwa pia, na bawa lake lililokatika, ili tulipime. Tulipomaliza kulipima tukalipaka grisi na kuliweka chini ya bati uani.

Sasa tatizo la siku ya Vishwakarma lilikuwa hili. Chuma tulichotumia hakitaki kupoa katikati ya kazi. Kikipoa ghafla kinapasuka. Roboti ingeweza kupumzika, lakini chuma lazima kibaki na joto, kimefunikwa blanketi lake la moto, na gesi ikiwaka chini ya meza. Asubuhi ile mafundi walibishana hasa.

"Gesi ni kifaa," mmoja alisema. "Leo hatuwashi kifaa."

"Moto si kifaa," bwana Mallick akasema. "Moto nao ni mungu. Utamzimaje mungu siku ya sikukuu?"

"Basi nani atakaa kumlinda huyo mungu, na sisi sote tunaomba?"

"Mimi," akasema Motaleb. "Nyinyi endeleeni na mungu wenu wa nyundo. Mimi Mwislamu nitakaa na jiko. Mkinisahau chakula ndipo mtakapoona kifaa kikitumika leo."

Wote tukacheka. Motaleb ndiye fundi mwenzangu wa mashine ile. Baba ndiye aliyemleta karakana hii na mimi pia, mmoja baada ya mwingine, na namwita kaka tangu nikiwa na nywele za mikia miwili. Ana mabinti watatu na mke anayeumwa kifua. Mtu mpole mpaka anaudhi.

Mama naye alikuja siku hiyo. Alivaa sari yake nyeupe, utosi mtupu. Sinduri ni ya wenye waume. Mke anajipaka kwenye mstari wa nywele kila asubuhi ili mume wake aishi. Mjane haigusi tena, na siku za heri anakaa nyuma, asije akaharibu heri ya watu. Mama alikaa mlangoni na wajane wenzake wawili, akaniangalia nikiwafokea wake za watu, akatabasamu kidogo. Nikafurahi, maana tangu baba afe mama hakuwa mtu wa kutabasamu.

Baada ya maombi tulienda uani kula khichuri, wali wetu wa dengu, na nyama ya mbuzi. Watoto walipanda juu ya paa kurusha tiara, anga lote la Howrah likajaa karatasi za rangi. Niliporudi kumtafuta mama nilimkuta kwenye bomba la maji, mkono wake chini ya maji.

"Nini tena?"

"Nimeungua. Sufuria ya khichuri."

"Na wewe mama! Unashika sufuria ya moto kwa mkono mtupu kama mtoto?"

Kidole gumba kilikuwa kimevimba, ngozi imekuwa nyeupe. Nilichana leso yangu nikamfunga. Hakusema kitu, akawa anaangalia tiara tu.

Kesho yake sanamu ya mungu ilipelekwa kutoswa mtoni kwa ngoma, na sisi tukarudi kazini. Kabla ya kuwasha roboti tulisafisha. Mimi nilisugua mabawa kwa brashi ya waya, Motaleb akasugua kule ndani, bawa linapoungana na kitovu, pabaya kufikika. Tukawasha. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ukipiga kelele mwenzako hasikii, sembuse kusikia chuma kikikohoa. Pangaboi likaendelea kupanda, zuri, hata mimi mwenyewe nilikuwa nalizunguka nikilitazama kama mchumba.

Siku chache baadaye akaja mkaguzi na kipimo chake cha mawimbi. Ni kidude anachokipitisha juu ya chuma, na kioo kinaonyesha kilichomo ndani. Alipita bawa la kwanza, salama. La pili, salama. Kwenye la tatu, karibu na kitovu, mstari wa kioo ukaruka. Akarudia. Ukaruka tena.

"Kuna tundu hapa," akasema. "Si dogo. Siwezi kulipitisha hili."

Nikashika meza.

Bwana Mallick si mtu mbaya. Lakini alikuwa amewaahidi wenye pampu kwamba kazi itakwisha kabla ya mvua za mwisho, zile za kuaga, ambazo kwetu ndizo huwa kali kuliko zote. Na hofu ikimpanda mtu lazima itafute pa kutokea. Akauliza tabaka lile lililala siku gani. Nikahesabu. Lilikuwa tabaka la kwanza baada ya sikukuu.

"Kule kwenye kitovu alisafisha nani?"

Motaleb akasema, "Mimi."

"Na siku ya sikukuu nani alikuwa peke yake na chuma?"

"Mimi."

"Kuna mafuta yameingia hapo. Ulikula hapo? Ulipaka nini pale, Motaleb? Sema!"

Motaleb akatazama chini. Nyuma yetu mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Maombi yetu yeye yanamhusu nini, hata ayajali?" Nikageuka. Sijui nilikuwa na uso gani, maana yule bwana alirudi nyuma hatua mbili.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia nisikie vizuri."

"Minoti, acha," Motaleb akasema. "Bosi, niliyekuwa hapo ni mimi. Kosa ni langu. Basi."

"Basi?" Bwana Mallick akapiga meza kofi. "Haya, basi. Jumamosi iwe mwisho wako hapa."

Nilimfuata Motaleb mpaka kwa muuza chai nje ya lango. Alikuwa amesimama chini ya turubai, kikombe cha udongo mkononi, anapuliza chai ambayo haikuwa ya moto tena.

"Wewe ni kichaa?" nikamwambia. "Wewe ambaye unasafisha mpaka kucha kabla ya kugusa waya! Nani alikuja pale?"

"Mlango ulikuwa wazi, Minoti. Ilikuwa sikukuu."

"Nimekuuliza jina, sijakuuliza habari za mlango."

"Na mimi nimekujibu."

"Kaka Motaleb, una mabinti watatu. Wenye karakana Howrah wote wanajuana. Bosi akikufukuza kwa uzembe nani atakuchukua? Utauza njugu? Sema tu, alikuja nani, alifanya nini!"

Akanywa chai yake yote, akakitupa kikombe kwenye jaa la vigae. Akajifunga taulo lake kichwani kwa ajili ya mvua. Kisha, akiwa tayari ameanza kuondoka, akauliza, "Kidole cha mama kinaendeleaje? Mwambie apake asali. Kuungua na chuma si mchezo, moto unashuka mpaka mfupani."

Nikabaki chini ya turubai. Chuma? Mama alisema sufuria. Na Motaleb hakuwepo uani wakati wa kula, chakula chake nilimpelekea mimi mwenyewe, wakati mama ameshakwenda nyumbani. Nani aliyemwambia kwamba mama ameungua? Nikamwita, lakini alikuwa ameshavuka barabara.

Khalpar jioni ile maji yalikuwa kwenye muundi wa mguu. Nyumbani kitanda tumekiinua juu ya matofali tangu mwaka jana, na mama alikuwa amekaa juu yake, sinia ya mchele mapajani, anachambua mawe kwa mkono wa kushoto. Gumba la kulia bado limefungwa leso yangu.

Sikuvua hata viatu. "Mama, uligusa pangaboi?"

Mkono ukasimama juu ya mchele.

"Mama!"

"Motaleb kakwambia?"

"Motaleb hajasema kitu! Motaleb anafukuzwa kazi Jumamosi, na amefunga mdomo kama mtu aliyeapishwa! Uliweka nini?"

Akaiweka sinia pembeni. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kikopo kidogo cha mbao, kile chenye kifuniko cha kuchongwa ambacho nilikijua tangu utotoni. Nilidhani kilikwenda mtoni na bangili zake, siku ile alipokuwa mjane, walipomvunjia bangili na kumfuta utosi. Akakifungua. Kilikuwa kitupu, umebaki wekundu kwenye pembe tu.

"Nilimwomba Motaleb aniache niliguse tu," akasema. "Nikamwambia, baba yake Minoti alikufa kwa ajili ya kitu hiki, niache nikiguse. Akageuka upande, akanipa nafasi. Sinduri niliichanganya na mafuta ya haradali nyumbani, nikaja nayo kwenye jani. Sikutaka watu waione. Nikainua blanketi, nikaisukuma ndani kabisa, kule kwenye pembe ya kitovu. Hakuiona. Aliona nimeungua tu, nikamwapisha asimwambie mtu kwamba mjane aligusa."

"Kwa nini, mama? Uliniona nimesimama pale nawafokea watu wote! Ulinisikia!"

"Nilikusikia." Alikuwa anazungusha kile kikopo mkononi. "Asubuhi ile, Minoti, asubuhi maji yalipoingia, mimi sikujipaka. Nilikuwa nainua mchele, nainua godoro, nikasema nitajipaka baadaye. Kikopo kilikuwa juu pale, mkono tu ningeunyoosha. Baba yako akatoka. Akaniangalia mlangoni, sijui kama aliona. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukosa hata asubuhi moja, isipokuwa ile. Na ndiyo asubuhi aliyokwenda."

Mvua ilikuwa inaanza tena nje.

"Nikasema hii iliyobaki, niliyomnyima yeye, nilipatie pangaboi. Liwe na wa kuliombea. Lisikatike tena juu ya mtu mwingine."

Ningemkumbatia. Ndivyo ningefanya kama ningekuwa mtu mwingine, lakini mimi nimezaliwa na hasira. Nikapaza sauti. "Umelitia tundu, mama! Sinduri yako imetoa povu ndani ya chuma! Kama asingekuwa yule mkaguzi lingekatika palepale ulipoliombea, katikati ya mvua. Ungeua mtaa mzima!"

Mama akafunika kikopo. "Basi nimeua mara mbili," akasema.

Nilijua hapohapo nimemchoma. Alirudisha sinia mapajani akaendelea kuchambua mawe, na mimi nikaenda kukoka jiko. Usiku kucha nilimsikia yu macho.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilikimbia majini, sari imeinuliwa mpaka magotini, natukana kila riksho iliyonizuia. Nilipofika karakana nilimkuta katikati ya sakafu, sari yake nyeupe imelowa mpaka mapajani, mafundi wamemzunguka, na bwana Mallick amesimama mbele yake na glasi ya chai asiyoinywa.

"Mimi ni Khiroda, mke wa Haradhan Karmakar," mama alikuwa anasema. Alikuwa ameifungua ile leso, kidole amekiinua juu kila mtu akione, ngozi imebambuka. "Niliyegusa chuma chenu ni mimi. Nilikitia sinduri na mafuta. Motaleb hakujua nina nini mkononi. Alininyamazia kwa sababu nilimwapisha."

Yule yule mnong'onaji wa jana hakuweza kujizuia. "Sinduri? Mjane?"

"Ndiyo, mjane na sinduri!" mama akamgeukia, na hapo nikajua hasira zangu nimezirithi wapi. "Nitukaneni mnavyotaka. Lakini kwanza muombeni radhi huyu, kisha ndiyo mje kwangu."

Motaleb alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anaingia. "Mama Minoti, si nilikuahidi sitasema?"

"Wewe ndiye uliyeahidi," mama akasema. "Mimi sikuahidi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Mallick aliweka glasi chini, akajifuta uso kwa kiganja. Alikuwa anamjua baba vizuri. Walianza kazi kiwanda kimoja, yeye ofisini na baba kwenye mchanga. Akamwendea Motaleb. Akasimama hivi, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nilikosea," akasema. "Nilikosea mbele ya watu, na sasa nasema mbele ya watu. Hakuna Jumamosi. Washa moto, tukate tulirudishe tabaka lile."

"Moto unawaka, bosi," Motaleb akasema. "Sikuuzima."

Mama alikuwa ameanza kuelekea mlangoni, ukutani ukutani, kama kawaida yake siku hizi. Nikamshika mkono.

"Jana nilikwambia neno baya," nikasema.

"Ulisema kweli."

"Nilisema nusu. Njoo nikuonyeshe nusu iliyobaki."

Nikampeleka uani, chini ya bati. Pangaboi la zamani lilikuwa limelala pale, jeusi kwa grisi, na bawa lililokatika kando yake. Mama alipolitambua akavuta mkono. Hakuwa amewahi kuliona, lakini alijua. Sikumwachia. Nikachutama, nikaifuta grisi pale lilipokatikia kwa pindo la sari yangu, mpaka chuma kikaonekana.

"Weka kidole hapa. Kile kizima."

"Sitaki."

"Mama, nakuomba. Sijakuomba kitu tangu mwaka jana."

Akachutama pole pole. Akaweka kidole. Nikakishika kidole chake nikakipitisha juu ya mkato, kuanzia ukingo mmoja.

"Unasikiaje?"

"Laini," akasema. "Kama sahani."

"Laini kwa sababu ni ufa wa zamani. Chuma kikipasuka taratibu, zile pande mbili zinasuguana kila pampu inapozunguka, miaka na miaka, mpaka zinalainika. Huu ufa una umri kunizidi mimi. Na unaona ulipoanzia?" Nikamwonyesha kitundu cheusi kwenye kona, punje ya dengu ingetosha humo. "Hiki ni kitundu cha hewa. Kiliingia siku walipolimimina, hata baba hajazaliwa. Kikaanza kupasuka hapo, kidogo kidogo, na wenye pampu hawakuwahi kulipima. Endelea. Usitoe kidole."

Kidole kikaenda, laini, laini, karibu upana wote wa bawa. Kisha kwenye ukingo wa mwisho kabisa kikakwama. Mama akashtuka.

"Hapa panakwaruza."

"Hapo ndipo palipokatika asubuhi ile. Hapo tu, mama. Angalia." Niliweka ukucha wangu juu ya ile sehemu yenye makali, na ukucha ukaifunika. "Bawa zima lilikuwa limeshikiliwa na hiki. Lingekatika siku ile, au jana yake, au kesho yake. Ungejipaka sinduri kichwa kizima, ungejipaka mpaka miguuni, lingekatika tu."

Kidole chake kilirudi kwenye ile laini, kikaenda mpaka kwenye yenye makali, kikarudi tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, mwenyewe, bila mimi kumshika.

"Kwa hiyo si kwa sababu ya utosi mtupu aliniangalia pale mlangoni," akasema.

"Alikuangalia kwa sababu ulikuwa umebeba godoro kichwani."

Hapo ndipo mama alipolia. Siku ya kumchoma baba hakulia, wala siku ya bangili, wala mwaka mzima ule. Alilia ameinama juu ya chuma kile kikuukuu, kwa sauti, na mimi nilikaa kwenye tope kando yake nikalia naye, na mafundi waliotoka kuchungulia wakarudi ndani. Alipomaliza alijifuta kwa pindo. Akanitazama, macho mekundu, uso umelegea kama wa mtu aliyepona homa.

"Lile langu," akasema. "Tundu langu. Mtalikata lote?"

"Tutalikata."

"Lisibaki hata kidogo."

Tukaingia. Motaleb alikuwa ameshatoa blanketi, mkaguzi amechora mstari wa chaki kwenye bawa la tatu. Nilivaa miwani na glavu, nikamshikisha mama kioo cha kufunikia uso. Motaleb akamsogezea kiti, mbali kidogo na cheche. Nikawasha grenda. Kila nilipofika ndani zaidi nilizima nikamtazama, naye aliinuka, akaja kuangalia, akatikisa kichwa kuwa bado, akarudi kukaa. Mara ya mwisho aliinama karibu kabisa, kioo usoni, akatafuta weusi wowote uliobaki asiuone.

"Sasa weka waya," akasema.